Namba Kumi na Mbili

Apiyo alikuwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa, pini tatu mdomoni, akirekebisha mkanda wa jaketi la mwisho, aliposikia jina la mdogo wake likitangazwa kwenye spika.

"Namba kumi, Walter! Namba kumi na moja, Tom! Na namba kumi na mbili, binti yetu wa hapa hapa Usenge, Lorine! Mpigieni makofi!"

Pini zilimwanguka. Kwanza alidhani amesikia vibaya. Lorine alikuwa Bondo, kwenye masomo ya kompyuta. Kila Jumamosi kwa miezi mitatu alikuwa akiondoka alfajiri na mfuko begani, na mama yao alikuwa akimsindikiza mpaka njia panda. Lakini makofi yalilipuka, na katikati ya makofi msichana mmoja akapiga kelele, "Twende, Lorine, twende!"

Apiyo akainuka.

Ilikuwa Siku ya Vijana wa Ufuo, siku ambayo Usenge yote ilikuwa imeingoja mwaka mzima. Mpango wenyewe ulikuwa wa kundi la vijana wa Kisumu, na ulikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja ulifundisha kushona jaketi za kujiokolea, zile wavuvi wanazovaa wasizame. Mkono wa pili ulifundisha kuogelea na kumwokoa mtu majini. Waliofaulu wangepewa vyeti, na walio bora wangeajiriwa kulinda ufuo. Apiyo alikuwa mwalimu wa ushonaji. Wasichana wake walikuwa wameshona jaketi mia na ishirini katika ukumbi wa sokoni, na hakuna mshono ambao hakuupitisha kidole. Lakini yeye mwenyewe hakuwa amegusa maji ya ziwa kwa miaka saba.

Miaka saba, tangu asubuhi ile baba yake na Odongo, pacha wake, walipotoka kuvua omena, dagaa wa ziwani, na mashua ikarudishwa na upepo ikiwa imepinduka. Baba alipatikana siku ya pili. Odongo siku ya nne. Baada ya mazishi mama yao, Milka, aliwaweka mabinti zake wawili mbele yake akasema maneno machache: ziwa limeshakula, naye hatalipatia mtoto mwingine. Tangu hapo Apiyo alinunua omena kwa wenzake juu kabisa, penye nyavu za kuanikia, wala hakushuka. Watu walimzoea hivyo. Usiku akisikia mawimbi alijifunika kichwa.

Sasa alikuwa akishuka, akisukuma watu kwa viwiko, akipita katikati ya wamama wenye miavuli na wanafunzi waliovaa sare. Alipofika mbele aliona ziwa lote limekaa mbele yake, jeupe kwa jua la saa tisa. Vijana watatu walikuwa wamesimama maji yakiwafika magotini, kila mmoja na kofia nyekundu ya mpira kichwani. Wa kulia alikuwa Lorine.

"Lorine!"

Msichana akageuka. Macho yao yakakutana. Apiyo aliona hofu ikipita usoni mwa mdogo wake. Lorine hakuogopa maji. Alichoogopa ni kwamba dada yake angemtoa pale mbele ya watu wote. Filimbi ikalia. Lorine akajitupa majini kabla ya wenzake.

Aliyepuliza filimbi alikuwa Ridhwan.

Alikuwa amesimama pembeni, mrefu, suruali imekunjwa mpaka magotini, ubao wa kuandikia mkononi. Alipomwona Apiyo tabasamu lilianza kisha likafa njiani. Kwa miaka miwili tangu atoke Kaloleni, kule Kisumu, kuja kuanzisha mpango huu, tabasamu hilo ndilo lililokuwa likimpitishia Apiyo siku. Wiki iliyopita tu, mlangoni mwa ukumbi wa sokoni, alikuwa amemshika vidole na kumwambia anataka kutuma wazee kumposa. Apiyo alimwomba angoje siku hii ipite kwanza.

"Mtoe," alisema Apiyo. "Ridhwan, mtoe mdogo wangu majini."

"Apiyo, sikiliza..."

"Mtoe!"

"Akitoka sasa amefeli. Na hana haja ya kutoka. Muangalie. Muangalie tu kidogo."

Apiyo hakutaka kuangalia, lakini macho yalikwenda yenyewe. Kofia nyekundu ilikuwa ikikata maji taratibu, mkono mmoja, mkono wa pili, kuelekea mitungi ya njano iliyofungwa pamoja kule mbali kuwa alama ya kugeuzia. Kila kofia ilipozama kidogo, moyo wake uliruka. Kila ilipotokea, ulirudi.

"Ulijua," alisema. "Ulijua ni nani."

"Nilijua wiki ya pili."

"Miezi mitatu! Unakuja ukumbini unakunywa chai yangu, unaniita mpenzi, na unanyamaza?"

"Alinililia nisikwambie. Ana miaka kumi na minane, Apiyo, alijiandikisha mwenyewe. Alisema, 'Kocha, dada yangu akijua, mama atajua, na mama akijua nitafungiwa nyumbani mpaka niolewe.' Ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Hiyo tu. Ungeniambia."

Ridhwan akauteremsha ubao wake. Alikuwa na macho mapole, macho ambayo Apiyo alizoea kuyaegemea, na leo yalimtia hasira kwa sababu hata sasa alitaka kuyaegemea.

"Nilikosa," alisema kwa sauti ya chini. "Nilifikiri ukimwona amevuka, ukamwona anarudi kwa miguu yake, utaacha kuamka usiku. Nilitaka kukupa kitu hicho."

"Mama yangu alisema. Alisema nisimpe moyo Mwislamu wa Kaloleni, tena ambaye kazi yake ni ziwa. Nikamjibu kwamba wewe si mtu wa kuficha mambo."

Neno hilo lilimchoma, ilionekana. Akafungua mdomo ajibu, kisha akageukia ziwa. Alikuwa ameinua uso kama mtu aliyesikia harufu. Upepo ulikuwa umegeuka.

Apiyo aliuhisi shavuni, baridi, ukitoka ndani ya ziwa. Leso za wamama zikaanza kupepea. Na kule nyuma ya ncha ya ufuo, kile alichodhani ni nchi kavu kikaanza kusogea. Lilikuwa gugumaji, magugu yanayoelea juu ya maji. Shamba zima la gugumaji, kijani, pana kuliko uwanja wa mpira, likija na upepo bila sauti.

"Wandera!" Ridhwan alipaza sauti kwa mwendesha mashua ya uokoaji. "Washa! Wachukue wote, sasa hivi!" Akapuliza filimbi mara tatu.

Walter na Tom walikuwa wameshageuka, wakawa wanarudi kwa kasi. Lorine, aliyewatangulia, alikuwa ameipita mitungi. Apiyo aliiona kofia ikisimama, ikigeuka, ikielekea nyumbani. Kisha gugumaji likapita kati yake na ufuo, likaisukuma mitungi ya njano, likaifunika. Hapakuwa na kofia tena. Palikuwa na majani tu na maua yake ya zambarau yakitikisika.

Watu walinyamaza. Huo ndio ukimya Apiyo aliokuwa ameukimbia miaka saba.

Mashua ya Wandera ilikimbia mpaka ukingo wa majani, ikaingia, injini ikapiga kelele ya kukabwa, ikazima. "Rafadha imeshikwa!" sauti ya Wandera ilifika ikiwa ndogo. "Imejaa majani! Ngojeni nikate!"

Ridhwan alikuwa ameshavua shati. Alijifunga kamba ya nailoni kiunoni, fundo moja, fundo la pili, kisha akamwekea Apiyo bunda lililobaki mikononi.

"Usiiachilie. Nikivuta mara mbili, waite vijana mnivute wote."

"Ridhwan..."

"Nitamleta."

"Usiende." Neno lilimtoka kabla hajalijua, naye akalionea aibu, maana aliyekuwa kule ni damu yake. "La, nenda. Nenda! Lakini rudi. Mrudi wote wawili."

Ridhwan alimtazama mara moja tu. Kisha akaingia.

Kamba ilianza kukimbia katika viganja vya Apiyo, ikimchoma. Aliihesabu kwa pumzi. Alimwona Ridhwan akifika kwenye majani, akiinua kichwa, akipiga mbizi. Kamba ikaendelea kwenda. Ikaendelea. Ikafika mwisho, ikakaza, ikamvuta Apiyo hatua moja mbele, na viatu vyake vikajaa maji. Hakuona. Kamba ilikaza tena, ikamvuta hatua nyingine, na nyingine, naye akaifuata, akiomba kwa Kidholuo na kwa Kiswahili, akichanganya maneno ya kanisani na majina ya watu, mpaka maji yakamfika kifuani na hapo tu ndipo alipotambua yuko wapi.

Akataka kupiga kelele. Baridi ilikuwa imemkumbatia mbavu. Chini ya miguu matope yalilegea kama kitu hai. Alimwona Odongo, alivyomwona siku ile ya nne, na akajua kwamba akiachilia kamba atakimbia mpaka nyumbani na hatarudi ufuoni maisha yake yote.

Hakuiachilia.

Na ndipo kamba ikalegea.

Alivuta. Ilikuja kirahisi. Akavuta tena, haraka, mkono juu ya mkono, akitarajia uzito, akiutamani uzito, na kamba ikaja nyepesi, nyepesi, mpaka ncha yake ikaelea mbele ya kifua chake. Haikuwa imekatika. Ilikuwa imefunguliwa.

"Amevua kamba!" alilia. "Jamani, amevua kamba! Wandera! Mtu yeyote!"

Nyuma yake ufuoni kelele ilipanda, na ndani ya kelele alisikia sauti moja aliyoijua kuliko zote. Mama yake alikuwa amefika. Mtu alikuwa amekimbia sokoni kumwambia binti yake yumo majini, na Milka alikuwa ameacha mizani na wateja akaja akikimbia bila viatu.

"Apiyo! Nyathina, mwanangu! Toka humo! Lorine yuko wapi? Yuko wapi mtoto wangu?"

Apiyo hakuweza kugeuka.

Sauti nyingine ndiyo iliyojibu. Ilitoka upande wa kushoto kabisa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama, nje ya ukingo wa majani.

"Wandera! Huku! Leta mashua huku! Kocha amenaswa!"

Lilikuwa neno la Lorine, na sauti ya Lorine, yenye nguvu na hasira kidogo, kama anapogombana na mtu bombani. Hakuwa amezama. Gugumaji lilipomfunika alifanya alichofundishwa: hakupigana nalo, alilala chali, akajisukuma polepole kwa miguu kuelekea palipokuwa na mwanga, akatokea upande wa pili. Kutoka huko aliona mkono wa mwalimu wake ukitokeza kati ya majani na kurudi chini. Mguu wa Ridhwan ulikuwa umeingia kwenye wavu mkuukuu uliotupwa na mtu asiyejulikana, nao ulimshika kila alipojaribu kupanda.

Apiyo aliona kofia nyekundu ikirudi kwenye majani. Ikirudi ndani!

"Lorine, usiingie!" alipiga kelele mama yao. "Nyasaye, Mungu wangu, usimwache aingie!"

Lakini Lorine alikuwa ameshaingia. Ufuo wote uliona msichana yule akifika, akimzunguka mtu mzima kwa nyuma, akimpitishia mkono kifuani na kuinua kidevu chake juu ya maji. Walibaki hivyo, vichwa viwili kati ya maua. Mara kimoja kilizama na cha pili kikazama nacho. Apiyo alisikia mlio wa ajabu na hakujua kwamba unatoka kooni mwake. Vichwa vikatokea tena. Wandera alikuwa ameacha injini, akajisukuma kwa kasia, huku akikata njia kwa panga. Alichukua muda ambao Apiyo hatausahau mpaka kufa kwake. Kisha aliinama, kisu mkononi, akazamisha nusu ya mwili wake majini, na wote watatu wakaangukia ndani ya mashua.

Vijana walikwenda kuivuta. Ilipogusa mchanga, Ridhwan alikuwa amelala sakafuni mwa mashua, midomo imekuwa ya kijivu. Hakutikisika. Lorine akawasukuma wote pembeni.

"Mlazeni mchangani, chali! Mpisheni hewa!" Akamwinua kidevu, akamziba pua, akampulizia. Mara moja. Mara mbili. Akasikiliza. Akampulizia tena.

Apiyo alipiga magoti mchangani, maji yakimchuruzika. Hasira yote ilikuwa imekwenda. Alikishika kiganja cha Ridhwan kilichokuwa baridi na kusema kitu kimoja tu, tena na tena, kwa sauti ambayo hata Lorine hakuisikia. "Sijakujibu. Nilikwambia ungoje, sijakujibu. Ridhwan, sijakujibu."

Kifua kiliruka. Ridhwan alikohoa, akatapika maji, akakohoa tena, akageukia upande wake akivuta hewa kwa sauti mbaya kama ya msumeno. Wamama wakapiga vigelegele. Apiyo hakuweza kupiga. Aliweka paji la uso wake juu ya mkono wa Ridhwan akalia.

Milka alifika mbele ya Lorine. Alimpiga kofi moja, kisha akamvuta kifuani akambana kana kwamba anataka kumrudisha tumboni.

"Nani alikutoa?" aliuliza. "Ni nani alikutoa kule ndani?"

"Hakuna mtu, Mama. Nilitoka mwenyewe. Halafu nikamtoa yeye."

Milka alirudi nyuma hatua moja. Akamwangalia binti yake kwa muda, kofia ile ya mpira imekaa upande, majani shingoni. Kisha akageuka kumtazama kijana aliyelala mchangani. Apiyo aliona uso wa mama yake na akaogopa upya. Aliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao alipokataa kumpokea Ridhwan nyumbani.

"Mama," Ridhwan alisema, sauti imekwaruzika. "Ni kosa langu. Niliwaficha."

"Ni kosa lako," alisema Milka. "Kamba ulivua kwa nini?"

"Ilikuwa imefika mwisho, Mama. Na alikuwa bado mbele."

"Ulijua ukiivua hakuna mtu atakuvuta?"

"Nilijua."

Milka alitazama ziwa. Gugumaji lilikuwa limefika ufuoni sasa, limetulia kama halikufanya kitu. "Siku ile ya mume wangu na Odongo," alisema, "mashua ilipinduka pale. Pale tu, karibu. Wanaume arobaini walikuwa wamesimama hapa hapa. Arobaini. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea vizuri, basi wakasimama, wakaangalia." Alifungua leso yake kiunoni, akainama na kumfunika Ridhwan mabega. "Unatetemeka. Gari lije, uende hospitali, mapafu yaangaliwe."

Apiyo akaivuta leso mpaka shingoni mwa Ridhwan.

"Na wewe," Milka alimwambia Apiyo bila kumtazama. "Mama wa huyu yuko wapi?"

"Kaloleni."

"Anajua?"

"Bado."

"Mpigie simu."

Apiyo akatikisa kichwa. Bi Khadijah, mama yake Ridhwan, hakuwa amewahi kukubali hata kumsalimu. Alikuwa na msichana wake aliyemchagulia Ridhwan, Amirah, binti wa jirani, na mara mbili alipogundua ni Apiyo aliyepokea simu ya mwanawe, alikata.

"Mama, hanitaki yule. Hataki hata kusikia jina langu. Heri Wandera ampigie."

"Mimi habari ya mume wangu nililetewa na mtu wa kuuza maji," alisema Milka. "Alikuwa anapita tu, akafikiri najua. Mpigie sasa hivi, kabla mtu mwingine hajafanya hivyo."

Simu ya Ridhwan ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, kavu. Apiyo alikosea namba ya siri aliyoambiwa na Ridhwan, akarudia. Alikuwa ameingia ziwani mpaka kifuani, na bado hakukumbuka kuogopa hivi. Simu iliita mara nne.

"Ridhwan? Mbona saa hizi, baba?"

"Shikamoo, Bi Khadijah. Si Ridhwan." Alimeza mate. "Ni Apiyo. Yu hai. Nataka ujue hilo kwanza, yu hai. Lakini alizama, akatolewa, na sasa tunampeleka hospitali."

Apiyo alisikia redio nyuma, kisha redio ikazimwa. Alingoja ile sauti ya simu kukatwa. Alifumba macho ili isimuume sana.

"Wewe uko naye hapo?" aliuliza Bi Khadijah. Sauti ilikuwa imegeuka, nyembamba, sauti ya mwanamke aliyeshika ukuta.

"Niko naye. Nimemshika mkono."

"Unamwona anapumua?"

Apiyo akamtazama. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka chini ya leso ya mama yake, na macho yale mapole yalikuwa yakimtazama, yamechoka, yana hofu kama yake.

"Anapumua, Bi."

"Niambie tena."

"Anapumua."

"Usikate," alisema Bi Khadijah, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Nakuja. Natoka sasa hivi. Lakini mpaka nifike, mwanangu, nakuomba, usikate."